Nimenukuu Maana, Sikunukuu Maneno: Je, Nimeshuhudia Uongo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa vijana katika usharika mmoja hapa Moshi. Juzi mgombea udiwani alifanya mkutano huku Old Moshi, na mtu akanirushia kipande cha video cha sekunde 11. Anasikika akisema, "mkulima atang'oa mibuni." Nikaandika kwenye grupu la usharika: Mgombea awaambia wakulima, "Ng'oeni mibuni!" Baadaye ikaja video ndefu. Kumbe alisema, "Bei ikibaki hivi, mkulima atang'oa mibuni." Mzee mmoja wa kanisa amenikemea mbele ya watu wote kwamba nimemshuhudia jirani yangu uongo. Lakini Mwalimu, huyu bwana na wenzake hawajawahi kuisaidia kahawa, na kila mtu analijua hilo. Maana niliyoitoa ni ya kweli hata kama maneno si yenyewe. Mambo ya kunukuu neno kwa neno si ya mawakili tu? Mkristo yanamhusu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wako amesema sawa, ingawa angeweza kukupigia simu kabla ya kukuanika kwenye grupu. Hilo nitamwachia yeye na dhamiri yake.

Tuyaweke maneno mezani kwanza. Yeye: "Bei ikibaki hivi, mkulima atang'oa mibuni." Wewe: "Ng'oeni mibuni!" Kilichoharibika hapo ni vitu vidogo mno. Cha kwanza ni ile -ki- ya "ikibaki". Hiyo hukuisikia, aliyekata video aliondoka nayo, kwa hiyo sikuhesabii. Cha pili ni ile -ta- ya "atang'oa". Hiyo uliisikia kwa masikio yako, ukaing'oa, ukapachika -eni. Mtu aliyekuwa akieleza hasara anayoiona inakuja umemgeuza mtu anayetoa amri. Na umemgeuza mbele ya watu gani? Watu wa mlimani, ambao wengi wao ada ya shule ilitoka kwenye kahawa, ambao babu zao walianzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925 na kuunda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Kumwambia mzee wa Old Moshi kwamba kijana fulani kasimama jukwaani akaamuru mibuni ing'olewe ni kumchokoza pabaya. Nadhani ulilijua hilo, ndiyo maana ukaweka na alama ya mshangao.

Sasa fungua Yohana 21. Petro anamuuliza Bwana habari za yule mwanafunzi mwingine, na Bwana anamjibu, "Ikiwa nataka huyu akae hata nijapo, imekupasaje wewe?" Mstari unaofuata unasema neno likaenea kati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule hafi. Mimi nimeufundisha mstari huu miaka mingi na bado unanishangaza. Waliolieneza walikuwa ndugu wa imani, watu wa grupu moja, wala hakuna aliyetaka kumdhuru mtu. "Ikiwa" ilidondoka njiani, basi. Sharti likaanguka, kilichobaki kikawa ahadi. Kosa hilo ni ndugu wa lile la kwako: kwao ni "ikiwa", kwako ni "ikibaki".

Tazama mwinjilisti alivyolishughulikia. Angeweza kulipuuza, maana Injili yenyewe ilikuwa imebakiza mistari miwili imalizike. Alilitaja neno lililoenea kama lilivyoenea, akasema waziwazi kwamba Yesu hakumwambia hafi, kisha akairudia kauli nzima, neno kwa neno, pamoja na "ikiwa" yake. Huo mstari wa 23 uuweke alama, nitaurudia nikifika kwenye yanayokupasa kufanya.

Kati ya ndugu, nukuu mbovu ilizaa uvumi. Kati ya maadui ilizaa mashtaka. Bwana alisema kwenye Yohana 2:19, "Livunjeni hekalu hili, nami katika siku tatu nitalisimamisha." Mvunjaji hapo ni ninyi, yeye ni msimamishaji. Barazani, kwenye Mathayo 26:61, mashahidi wanasema alisema, "Naweza kulivunja hekalu la Mungu." Kwenye Marko 14:58 imekuwa "Mimi nitalivunja hekalu hili." Yasome kwa sauti kwa mfuatano: livunjeni, naweza kulivunja, nitalivunja. Hekalu lipo, siku tatu zipo, kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anavunja. Injili zinawaita watu hao mashahidi wa uongo, ingawa karibu kila neno walilolitumia lilikuwa limetoka kinywani mwake. Na yeye, anasema Yohana, alikuwa akinena habari za hekalu la mwili wake.

Ukitaka la siasa kabisa, liko Luka 23:2. Mbele ya Pilato wanamshtaki kwamba anawazuia watu wasimpe Kaisari kodi. Sura tatu nyuma alikuwa amewaambia vya Kaisari wampe Kaisari, na vya Mungu wampe Mungu. Waliouliza swali lile la kodi, Luka anatwambia, walikuwa wapelelezi waliotumwa wamnase katika maneno yake. Waliposhindwa kumnasa kwa maneno aliyoyasema, wenzao walimpelekea Pilato maneno ambayo hakuyasema. Paulo naye yalimfika. Kwenye Warumi 3:8 analalamika kwamba anasingiziwa kufundisha "tufanye mabaya, ili yaje mema." Kanisa letu, ukilitazama upande huo, lilianzishwa na watu walionukuliwa vibaya, na mimi sioni tunavyoweza kulichukulia jambo hili kama la mawakili. (Mawakili nao wana lao: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inagusa taarifa za uongo zinazochapishwa mtandaoni. Ila wewe umeniuliza kuhusu dhamiri, siyo mahakama.)

Nije kwenye hoja yako yenyewe, kwamba maana ilikuwa ya kweli. Sitaibeza, kwa sababu ndiyo hoja ya watu wengi wema. Wewe unaishi chini ya mlima, basi nikujibu kwa huo mlima. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona Kilimanjaro, na juu yake akaona kitu cheupe. Akamuuliza kiongozi wake wa njia ni nini kile. Kiongozi akamwambia: baridi. Rebmann akaandika kwamba kiongozi alikiita "baridi" tu, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa na shaka kuwa ni theluji. Ni kauli mbili, kila moja na mwenyewe. Ingekuwa rahisi kiasi gani kuandika, "Kiongozi wangu alisema ni theluji"! Maana ingekuwa ya kweli tupu, theluji ilikuwepo na bado ipo. Ila kiongozi hakulisema hilo. Kule London bwana mmoja, Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, alimkejeli Rebmann kwa miaka. Mpelelezi Mjerumani, Von der Decken, alipoupanda mlima mwaka 1862 theluji ilimwangukia. Daftari la Rebmann halikuhitaji kusahihishwa hata neno, kwa sababu la kiongozi aliliacha kwa kiongozi na la kwake akalibeba mwenyewe.

Wewe ulikuwa na haki ya kuandika: "Mimi naona huyu bwana ameshaikatia tamaa kahawa." Hilo ni lako, ungelitetea, watu wangekubishia. Ulipolipachika alama za nukuu ukamvisha yeye, ulimtuma akaseme ambalo wewe uliogopa kulisema kwa jina lako. Samahani kwa ukali huo. Nimewahi kulifanya mwenyewe.

Nilikuwa mhariri wa kijarida kidogo cha kanisa, kabla sijaenda kufundisha. Mgeni mmoja alihubiri akasema mwanasiasa asiyesali ni mtu wa kuogopwa. Mimi nikatafuta kichwa cha habari chenye moto, nikaandika kwamba mhubiri amesema wanasiasa hawasali. Jumapili iliyofuata diwani mmoja, mtu wa ibada ya saa moja asubuhi kila wiki, alinisubiri mlangoni akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mimi umeniona wapi sisali?" Sikuwa na jibu. Neno "asiyesali" lilikuwa linamchagua mtu mmoja mwenye kosa, mimi nikalitandaza kwa kundi zima.

Najua utakapowaambia vijana wenzako haya, mjanja mmoja atakuuliza: mbona Injili zenyewe hazinukuu sawasawa? Ana haki ya kuuliza. Anwani iliyowekwa msalabani imeandikwa kwa namna nne katika Injili nne. Marko ana "Mfalme wa Wayahudi" tu, Yohana ana "Yesu Mnazareti, Mfalme wa Wayahudi", Mathayo na Luka wana zao. Sala ya Bwana ni ndefu kwa Mathayo, fupi kwa Luka. Waandishi wa zamani hawakuwa na alama za nukuu, na desturi yao iliruhusu kufupisha. Lakini weka anwani hizo nne pamoja uone: hakuna hata moja inayobadilisha nani ni nani. Kufupisha si kugeuza. Na mahali palipotokea ubishi wa kugeuza, pamesimuliwa: makuhani wakuu walimwendea Pilato wakataka asiandike "Mfalme wa Wayahudi", bali kwamba "yule alisema, Mimi ni mfalme wa Wayahudi." Walijua vizuri sana uzito wa neno "alisema". Sisi leo tunazo alama za nukuu, na kila anayezisoma anaamini kwamba kilichomo ndani ni sauti ya mtu, si tafsiri yako.

Ninachokihofia zaidi, kusema kweli, ni jinsi tunavyovinukuu vitabu tunavyovipenda. Huyu mgombea ulimnukuu vibaya kwa sababu humpendi. Mtume Paulo na Mwalimu Nyerere tunawanukuu vibaya kwa sababu tunawapenda, na hapo hakuna mzee wa kukemea. Hapa Arusha nilikaa kwenye semina moja, mnenaji akasema Biblia inatufundisha kwamba fedha ni shina la mabaya, na kwamba hata Azimio la Arusha lilisema fedha si kitu. Kisha akatangaza harambee ya bati. Timotheo wa Kwanza 6:10 husema shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha. Neno "kupenda" ndilo lenye hoja yote. Ukiliondoa, mwenye fedha anahukumiwa na maskini mwenye tamaa anapita. Na Azimio, lililopitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU hapahapa mwishoni mwa Januari 1967 na kutangazwa Februari 5, linataja vitu vinne vya kutuendeleza: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo, na hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Wangesoma mbele kidogo wangekuta, kwa maneno yangu, kwamba kusema hivyo si kusema fedha hazitahitajika. Watu na bidii yao ndio msingi, fedha ni moja ya matunda. Makumbusho ya Azimio yako Kaloleni. Kutoka ukumbini mwetu si mwendo wa mbali.

Lingine linaloniumiza ni "asiyefanya kazi na asile." Husikika majukwaani na madhabahuni kila linapozuka suala la vijana wasio na ajira. Wathesalonike wa Pili 3:10, katika Biblia yetu ya Union Version ya mwaka 1952, inasema "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hataki! Kijana wa Pasua aliyezunguka na bahasha ya vyeti tangu asubuhi anataka kazi kuliko anavyotaka chakula. Kati ya "hataki" na "asiyefanya" kuna umati mzima wa watu ambao Mtume hakuwagusa, na sisi tunawanyima ugali kwa jina lake.

Na yapo ambayo hayamo kabisa. "Jisaidie nami nitakusaidia" usiitafute kwenye Biblia, utachoka. "Sauti ya wengi ni sauti ya Mungu" nayo haimo. Ni msemo wa Kilatini, na moja ya kumbukumbu zake za zamani ni barua ya Alcuin, mshauri wa mfalme Charlemagne, mwishoni mwa karne ya 8, iliyoonya wasisikilizwe wanaosema hivyo, kwa kuwa ghasia za umati ziko karibu na wazimu. Yaani tunainua bango la maneno ambayo mwandishi aliyataja ili ayakatae. Hata Martin Luther wetu sisi Walutheri, yule wa "dunia ikiisha kesho, leo nitapanda mti wa tufaha", maneno hayo hayapatikani katika maandishi yake. Yameonekana kwa mara ya kwanza mwaka 1944, karibu miaka 400 baada ya kifo chake. Miti tuendelee kuipanda.

Alichokiandika Luther kweli ulikikariri ukiwa darasa la kipaimara. Katekisimo Ndogo ya 1529, amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo. (Ya nane kwetu na kwa Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato wanaihesabu ya tisa, msije mkagombana bure kwenye grupu.) Maelezo yake, tena kwa maneno yangu, hayaishii kwenye kutomdanganyia na kutomharibia jirani jina. Yanataka tumtetee, tumseme vema, na jambo lake tulichukulie kwa upande ulio mwema. Huyo mgombea ni jirani yako. Kumtetea asisingiziwe si kumpigia kura, na kura yako ibaki palepale ilipo.

Basi, ufanyeje. Kipande kifupi cha video kikikufikia, swali la kwanza lisiwe "ni kweli?" bali "kabla ya hapa alisema nini?" Sikiliza -ki-, -nge- na "ikiwa", maana hizo ndizo za kwanza kuanguka mkasi ukipita. Kama ni mbunge na alisema bungeni, usihangaike na vipande: Taarifa Rasmi za Bunge, ile Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge na zimeandikwa kwa Kiswahili, pamoja na maneno ya mwenzake aliyekuwa anamjibu. Kama mzee amezungumza Kichagga na wewe umetafsiri, sema umetafsiri wewe. Kadi zenye picha ya Mwalimu Nyerere na maneno mazuri chini yake, zisizo na mwaka wala jina la kitabu au hotuba, zipitishe kwa jirani kama unavyopitisha noti iliyochanika: yaani usizipitishe. Na usilidharau neno "eti". Bibi zetu walilitumia sokoni kwa uangalifu kuliko sisi tunavyotumia alama za nukuu. "Eti anasema tung'oe mibuni" ni mtu anayekuonya kwamba haya nimeyasikia na siyadhamini.

Marekebisho yako yaweke kwenye grupu lilelile ulikolitupa lile la kwanza, siyo kwa ujumbe wa pembeni kwa yule mzee. Fuata Yohana 21:23: lilivyoenea, ambalo hakulisema, na alilolisema lote. Mimi ningeandika hivi:

"Ndugu zangu, juzi niliandika kwamba mgombea aliwaambia wakulima, 'Ng'oeni mibuni.' Hakusema hivyo. Alisema, 'Bei ikibaki hivi, mkulima atang'oa mibuni.' Nilikuwa nimeona kipande kilichokatwa, na neno 'ng'oeni' nililiweka mimi. Naomba radhi kwake na kwenu. Video ndefu hii hapa. Sasa namuuliza yeye, na kila anayetaka kura yetu: ili bei isibaki hivi, wewe utafanya nini?"

Unaona kilichotokea hapo mwishoni? Ulipomrudishia -ki- yake, umepata swali ambalo hana njia ya kulikwepa. Kwa lile la kwanza angesimama jukwaani aseme "nimesingiziwa", watu wampigie makofi, na kahawa isitajwe tena hadi uchaguzi mwingine.

Lile la kwanza usilifute kimyakimya. Limeshapigwa picha na watu wasiopungua watatu, ninavyoyajua magrupu ya kanisa. Liache, marekebisho yajibu juu yake. Ukishayatuma, ndipo umpigie simu yule mzee. Usianze na kumweleza kuhusu Warumi 3:8. Anza na shikamoo.